Ndugu wa Karibu

Mimi ni mtu wa kudakia maneno. Kwetu Mwembesongo tulizaliwa saba, na katika nyumba ya watoto saba anayesubiri zamu yake hasemi kitu mpaka anaolewa. Mama alizoea kuwaambia wageni kwamba huyu ukimuuliza swali la leo atakujibu na la kesho. Kwa hiyo niliporudi kutoka chuoni Dar es Salaam nikasema nimesomea unasihi, na kwamba kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kukaa kimya na kumsikiliza mtu, ndugu zangu walicheka hadi wakashika mbavu.

Lakini nilijifunza. Nilijifunza kuuma ulimi, kuhesabu pumzi zangu, kumwachia mtu ukimya wake hadi auchoke mwenyewe. Mtu akisema, "Nimechoka," sisemi, "Pole, fanya hivi na hivi." Nasema, "Umechoka," kisha nangoja. Tulifundishwa kwamba mtu anayo dawa yake ndani, mnasihi anamshikia taa tu. Niliipenda njia hiyo kuliko zote kwa sababu ilikuwa kinyume cha tabia yangu, na kila nilipoiweza nilijiona mtu mpya. Zilikuwapo nyingine. Ipo inayotaka mtu aandike mawazo yake kwenye daftari: wazo baya limekuja wakati gani, limemfanya ajisikieje, na lina ushahidi gani. Ipo ya kuwaketisha wanafamilia wote chumbani na kuangalia nani anamtazama nani na nani anatazama sakafu. Nilikuwa nazo zote, na nilikuwa na hakika kwamba nikikosa kwa hii nitapata kwa ile.

Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo ya kituo cha afya kabla ya kuwa changu, na siku za mvua kilinuka maboksi. Kina viti viwili nilivyovipanga mshazari, visitazamane uso kwa uso, ili mtu asijione yuko polisi. Dirisha linatazama mlimani. Juu ya meza kuna fomu ambayo kila anayekuja anajaziwa: umri, kijiji, kazi, na chini kabisa, ndugu wa karibu wa kujulishwa ikitokea hatari. Nimeijaza fomu hiyo mara nyingi mno kiasi kwamba mkono unakwenda wenyewe.

Mtu ninayemkumbuka hapa alikuja wakati wa kiangazi, miaka si mingi iliyopita. Alikuwa mkulima wa mlimani, miaka arobaini na kitu, analima kabichi, karoti na njegere, na siku za soko alishuka mjini na mzigo wake. Alikuja kituoni kwa ajili ya tumbo. "Linapanda," alisema, akionyesha kwa kidole kuanzia kitovuni hadi kooni. Daktari alimpima kila kilichopimika, hakuona kitu, akamwandikia karatasi ya kuja kwangu. Aliingia amevua kofia, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaniita daktari. Nilimwambia mimi si daktari. Akasema, "Sawa, daktari."

Siku ya kwanza tulikaa kimya karibu saa nzima. Yeye alitazama mlima dirishani, mimi nilitazama mikono yake. Mwishoni alisema, "Asante, umenipumzisha," na mimi nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Siku ya pili nilijaribu daftari. Nilimnunulia jipya, nikamweleza kwamba kila tumbo linapopanda aandike alikuwa anawaza nini. Shule alifika darasa la saba, kuandika anajua. Alisikiliza kwa adabu yote. Wiki iliyofuata alilirudisha limefungwa kwenye mfuko wa plastiki, safi kabisa, halina hata alama ya kidole. "Nimekutunzia," alisema. Nilitaka kucheka na nilitaka kukasirika, na nadhani vyote viwili vilionekana usoni, kwa sababu alitazama chini na ndipo akaanza kusema.

"Mimi ni mjomba," alisema.

Kwetu Waluguru neno hilo ni zito. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi ni ya ukoo huo, na mwenye sauti juu ya mtoto ni kaka wa mama. Baba ni baba, anapendwa, lakini akioa na kwenda kukaa upande wa mke analima kwenye ardhi ya watu. Mtu huyu alikuwa hivyo. Kwa mkewe alikuwa mgeni wa miaka ishirini. Kwa dada yake, ng'ambo ya bonde, alikuwa mjomba, na lolote kubwa lililowapata watoto wa dada huyo lilingoja kauli yake.

Masika yaliyopita binti wa dada yake alishikwa na uchungu wa kuzaa, mimba ya kwanza. Ilikuwa mchana wa kuelekea jioni, mvua inanyesha. Vijana walikuja kumuuliza: tumteremshe mjini au tungoje? Aliitazama njia. Akasema tungoje kupambazuke. Mtoto alizaliwa alfajiri, mzima, lakini damu ya mama haikukata. Walipomweka kwenye machela kulikuwa kumekucha. Hawakufika mbali. Kwenye kona moja ya njia waliitua machela chini, na hawakuinyanyua tena kwa kushuka. Waligeuza.

"Na hakuna aliyenisema," aliniambia. "Dada hakunisema. Wazee hawakunisema. Hata mmoja."

Nilifanya nilivyofundishwa. Nilimrudishia hisia yake kwa sauti ya chini. "Unajisikia kuwa na hatia."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sijisikii, daktari. Ninayo."

Nikanyamaza. Niliogopa na nikauita woga wangu ukimya wa kitaalamu. Baada ya muda alisema kwamba amechoka na kwamba watu wangepumzika kama yeye asingekuwapo. Hapo hakuna njia ya kuzungukazunguka. Tulifundishwa kuuliza wazi, na nikauliza. "Unafikiria kujiua?" Akasema ndiyo, kwa sauti ile ile ambayo angesema karoti zimekomaa. Nikauliza kama ameshafikiria kwa kitu gani. Akasema dawa ya kunyunyizia bustani iko stoo.

Tulizungumza saa nzima nyingine. Aliniahidi kwamba hatafanya kitu, na kwamba atarudi Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nikamweleza kwamba siri zake zote ni zangu isipokuwa hii moja, kwamba mtu wake wa karibu lazima ajue ili amlinde. Akasema, "Wa kule ninakokaa, hapana." Nilisikia hofu ya mume asiyetaka kumtia mkewe wasiwasi. Hofu hiyo nimeizoea, wanaume wote wanayo. Nilimwomba akae kituoni hadi nipate ushauri. Akasema ameacha mzigo sokoni, akavaa kofia, akaaga vizuri, akatoka. Kumzuia kwa nguvu sikuweza, na sijui kama ningepaswa.

Nilimpigia msimamizi wangu, ambaye kazi zangu zote ngumu zilipita kwake. Alikuwa safarini kutoka Dodoma, gari limesimama Dumila, na nyuma yake nilisikia wauza vitunguu wakigombania madirisha. Nilimweleza kwa kupiga kelele. Akauliza, "Kwenye fomu umeandika ndugu wa karibu nani?" Nikatazama. Nilikuwa nimeandika mke. "Basi mpigie mke, leo hii, dawa itolewe pale nyumbani. Usilale nalo."

Msimamizi wangu ni mtu wa Moshi, kwao mtoto na ardhi ni vya baba, anasamehewa. Mimi je? Baba yangu mwenyewe aliishi miaka yote kwenye kiwanja cha ukoo wa mama. Mzee yule alikuwa na nguvu na mzaha, na wajomba zangu walimpenda, lakini akiugua alikunja mkeka wake na kwenda kuugua kwa dada yake. Hata homa ya siku mbili. Sisi watoto tulimtania kwamba baba anakwenda likizo. Hakutaka shemeji zake wamwone amelala chali. Nimekua na jambo hilo sebuleni kwetu, na siku lilipohitajika halikunijia hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshika fomu.

Nikampigia mkewe. Alisikiliza bila kunikatiza. Akasema, "Nimeelewa, dada. Asante kwa kuniambia."

Jumatano, saa mbili asubuhi, alinipigia yeye. "Ameondoka," alisema. "Kitanda kimetandikwa, jembe lipo, simu yake ipo. Nilidhani amekuja huko kwako."

Nilimwambia hajaja. Akasema anashuka, na baada ya muda usiofika saa moja alikuwa mlangoni, khanga mabegani, vumbi la bodaboda hadi kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, mwenye kuongea kwa lafudhi ile ya mlimani ambayo bibi yangu alikuwa nayo. Nilimvutia kiti. Hakukaa.

"Jana ulipokata simu niliwaita kaka zangu," alisema. "Ningefanyaje peke yangu? Walikuja watatu. Hawakumfokea, wallahi. Walitoa zile dawa wakazifungia kwao. Wakakaa naye vizuri. Kaka mkubwa akamwambia, shemeji, shamba hili ni lako kama letu, usijione mgeni." Alivuta khanga mabegani. "Basi pale pale akainamisha kichwa. Hakukiinua tena hadi watu wanaondoka."

Nilielewa yote kwa mpigo, na nilijichukia. Nilikuwa nimechukua aibu ya mtu nikaipeleka kwa watu wa pekee ambao alikuwa ameishi miaka ishirini akihakikisha hawaioni. Walimhurumia, wakampa maneno mazuri, na kwa maneno hayo wakamkumbusha kwamba anaweza kuambiwa asijione mgeni. Kaka wa mke hawakukosa kitu. Mke hakukosa kitu. Aliyekosa alikuwa mimi, niliyesikia "wa kule ninakokaa, hapana" nikadhani ni woga wa wanaume wote.

"Atakuwa amekwenda kwa dada yake?" niliuliza.

"Hajakanyaga kule tangu mazishi."

"Nani mwingine? Yuko mtu anayeweza kumwambia neno?"

Alifikiri. "Yuko mtani wao," alisema. "Anauza ndizi sokoni."

Tulikwenda kwa miguu, karibu kukimbia. Njiani niliwapigia polisi wa kata na mwenyekiti wa kijiji, kama inavyotakiwa, na wote waliahidi kuulizia. Mtani tulimkuta kati ya mikungu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, kilemba kimekaa upande, akimsema mteja mmoja kwamba ana mikono ya kubonyezabonyeza lakini hana ya kununua. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Alipomwona yule mke, uso ulibadilika.

Asiyejua utani wa koo nimweleze kwa kifupi. Kila ukoo una watani wake, watu wa ukoo mwingine wenye ruhusa ambayo ndugu hana. Mtani anaweza kukutukana usikasirike, na akichukua kuku wako bandani hushtaki popote. Kwenye msiba ndiyo kazi yake hasa: anamwigiza marehemu, anawasema wafiwa, anaingia hata kaburini akikataa kutoka mpaka apewe chake. Lile ambalo kila mtu analiwaza na hakuna anayethubutu kulitamka, yeye analitamka mbele ya watu, na likishatamkwa na mtani limekwisha. Niliwahi kuyaona hayo utotoni nikaona ni vurugu za watu wa shamba.

Mke alimweleza kwa maneno machache. Mtani alisikiliza huku kisu cha ndizi kiko mkononi.

"Kwenye msiba ule nilikatazwa," alisema. "Nilikwenda, nimejifunga vizuri, nimejiandaa. Mjomba mtu akaniambia leo hakuna utani, mtoto huyu alikuwa mdogo, inauma. Nikakaa nikala wali nikarudi nyumbani na neno langu." Aliweka kisu chini. "Yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza."

Akamwita jirani amwangalizie mikungu, akafunga kilemba upya. Nilimuuliza kama anajua pa kumtafuta. "Yuko pale walipomtua," alisema, akaanza kutembea.

Bodaboda tatu zilitupandisha hadi barabara ilipoishia. Kutoka hapo ni njia ya miguu, na mimi ni mtu wa mjini, mwenye viatu vya ofisini. Nilipanda nikihema na kuomba. Niliomba Mungu kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha madrasa, na kati ya maombi nilikuwa najiandikia maneno ya kumwambia tukimkuta: polepole, sauti ya chini, usimsogelee ghafla, msifu kwa kuwa hai. Mtani alikuwa mbele akiongea peke yake. Mke alikuwa nyuma yangu, haongei kabisa, na nikisikia hatua zake zikisimama moyo wangu nao unasimama.

Alikuwa pale. Kwenye kona, juu ya jiwe pembeni mwa njia, amekaa na mfuko mdogo mapajani. Alituona wote watatu na hakusogea. Nilinyoosha mkono kumzuia mtani ili nitangulie mimi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Mtani aliupita mkono wangu kana kwamba ni tawi.

"Ndiyo wewe huyo," alisema, kwa sauti ya sokoni. "Mjomba wa watu. Umekaa kwenye njia kama mzigo uliosahauliwa. Nimekuja na neno langu, lile ulilonizuia."

Yule mtu alishusha kofia usoni.

"Ulisema kupambazuke. Kupambazuke kwa nani? Kwako wewe uliyekuwa na blanketi? Uliogopa kulowa mvua, ukamwacha mtoto wa dada yako alowe damu. Mjomba gani wewe? Bora wangemuuliza mbuzi, angalau mbuzi angepiga kelele."

Kila nilichofundishwa kilikuwa kinapiga yowe ndani yangu. Mtu aliye ukingoni humwambii ameua. Nilifungua mdomo, na mke akanishika mkono juu ya kiwiko, akanibana hadi ikauma. "Mwache," alisema.

"Umekosa," mtani aliendelea. Alikuwa amemsogelea sasa, amesimama juu yake, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikia. Umekosa. Na yeye amekufa. Na mimi ndiye ninayesema, si mwingine."

"Ndiyo," alisema yule mtu.

"Nani amekosa?"

"Mimi."

"Basi limesemwa. Na nikishasema mimi hakuna wa kulirudia. Dada yako halirudii. Shemeji zako hawalirudii. Wewe mwenyewe huna ruhusa." Kisha akaupokonya ule mfuko mapajani mwake, kwa kasi ya mtu aliyezoea wezi wa sokoni. "Na hiki nini? Urithi wangu?" Alichungulia ndani. Uso wake haukubadilika hata kidogo, ila aliunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipa mfuko mimi. Nilihisi ndani yake chupa; kumbe kaka za mke hawakuzipata zote. Niliushika kwa mikono yote miwili.

Ndipo alipoanza kulia. Nimeona watu wengi wakilia kwenye kile kiti changu, lakini hawalii vile. Alilia kwa kiwiliwili kizima, na mtani alikaa chini kwenye udongo kando yake, akapiga miayo, akaanza kulalamika juu ya magoti yake.

"Kuku wangu wa msiba yuko wapi?" alimuuliza baada ya muda. "Nilikula wali mtupu siku ile. Ukoo mzima mmekaa na deni la mtani na hamwoni haya. Sitoki hapa."

Yule mtu aliongea kitu kilichozama katika kilio. Mtani akasema hasikii.

"Kuku wako yuko kwa dada," alisema yule mtu.

"Basi inuka twende kwa dada yako."

Akainuka. Sijui nieleze vipi kwamba niliona mtu akiinuka na kupandisha njia ambayo kwa miezi minane hakuweza kuipanda, kwa sababu mwanamke mmoja anadai kuku. Nilikuwa nyuma yao na mfuko wangu, viatu vimejaa udongo, na nilikuwa na hasira. Nakiri hilo. Nilifurahi na hapo hapo nilikuwa na hasira, kwamba chumba changu na viti vyangu vya mshazari havikufua dafu.

Dada yake alikuwa uani, mjukuu mgongoni, yule mtoto wa alfajiri ile. Alimwangalia kaka yake kwa muda. Akasema, "Umekonda. Karibu." Kisha mtani akaanza kukimbiza kuku, na kwa muda mrefu uani pale hapakusikika kitu kingine.

Msimamizi wangu aliponisikiliza siku ya pili alinigombeza kwa haki. Kama neno lile lingemkuta peke yake, alisema, au lingetoka kinywani mwa mtu mwingine, tungekuwa tunaongea mengine. Ni kweli. Simwambii mtu yeyote kwamba dawa ya aliyekata tamaa ni matusi, wengi yangewamaliza. Kituo kilimpa dawa za kumtuliza na za usingizi, daktari alimwona, na tulikubaliana kwamba kwa mwezi mzima atakaa kwa dada yake, mahali ambapo kuugua kwake si aibu. Mkewe aliwaeleza kaka zake nao wakaelewa kuliko nilivyoelewa mimi. Walimpelekea njegere zake zilizovunwa, wakaziacha mlangoni wakaondoka. Na kwenye fomu nilibadilisha. Kile kisanduku cha chini bado kipo, ofisi inakitaka, lakini kabla ya kukijaza naweka kalamu chini na kuuliza maswali mawili: ukiugua unakwenda kuugulia kwa nani, na ni nani akikutukana hukasiriki. Watu hucheka. Kisha wanajibu, na mara nyingi jina silo lile ambalo ningeandika.

Ijumaa alikuja, kama alivyoahidi. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikaa kwenye kiti, si ukingoni, akatazama mlima kupitia dirishani. Wingu lilikuwa limekaa juu ya kile kilele ambacho chini yake ndiko kijiji cha dada yake.

"Daktari," alisema. "Siku ile nilipokueleza habari za yule mtoto wa dada aliyefariki. Ulijua kwamba nimekosa?"

Nilijua nini cha kusema. Chuoni tulipewa jibu la swali kama hilo: "Unajiuliza kama nilijua." Lilifika hadi kwenye meno. Nikalimeza.

"Nilijua," nilisema.

"Mbona hukuniambia?"

Ningeweza kumweleza kuhusu njia zetu, kuhusu taa anayoshikiwa mtu. Badala yake nilijisikia mdogo, kama niliyeitwa mbele ya darasa. "Niliogopa," nilisema. "Niliogopa nikikosea neno utatoka hapa ukafanye ulilotaka kufanya, na itakuwa mimi ndiye niliyesema."

Alitikisa kichwa taratibu, akikubali. Alinyamaza muda mrefu, nami safari hii sikuhesabu pumzi zangu.

"Hata mimi haikuwa mvua," alisema. "Mtani amesema mvua, na wote wanadhani mvua. Njia ilikuwa inapitika. Vijana walikuwa tayari, machela ilikuwa tayari. Niliogopa afie njiani, halafu iwe mimi ndiye niliyesema twende."

Sikumrudishia maneno yake. Nilikivuta kiti changu kikatazamana na chake.

"Tuliogopa," nilimwambia. "Wewe na mimi."